Nikilala siku moja bila chuma naona kama mwili unanikimbia

BARUA

Shikamoo Anti. Mi ni kijana wa miaka 16, niko form three hapa Dar upande wa Temeke, jina langu naomba usiliweke maana mtaani kwetu watu wanaisoma hii safu na Kocha mwenyewe nadhani anasoma. Nimeandika hii barua mara tatu nafuta, leo natuma hivohivo ilivyo.

Toka form one mi nilikua mwembamba sana, shuleni naitwa Njiti, hata walimu wengine walishazoea kuniita hivo. Haikua inaniuma sana mpaka mwaka jana mwezi wa kumi, natoka tuisheni saa moja usiku vijana wawili wakanikaba wakachukua simu, mmoja wao tunalingana umri na sura yake naijua, akanizaba kofi mbele ya dada mmoja tunasoma nae. Sikurudisha. Nilifika nyumbani nikamwambia mama simu imeibiwa kwenye daladala. Wiki ileile nikaenda jimu.

Jimu yenyewe ni ya mtaani tu, iko nyuma ya gereji chini ya mwarobaini. Mabenchi wamechomelea wenyewe, vyuma vya dukani ni vichache, vingi ni ndoo za rangi zimejazwa zege zikapigwa bomba katikati, kuna na gia za lori na minyororo. Unalipa 500 kwa siku au 10,000 mwezi mzima. Kocha ni kaka mmoja baunsa, mwili jumba, ana miaka thelathini na kitu, na kusema ukweli Anti huyu mtu amenisaidia. Baba aliondoka mi niko darasa la tatu, na pale jimu ndo mara ya kwanza watu wazima wananiita jina langu la kweli, nikiingia wananipa tano, nikikosa wananiulizia.

Mwanzoni nilikua naenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tu maana nalipa kwa siku na hela ilikua haitoshi. Nikaanza na bomba tupu, baada ya miezi minne hivi nikawa napiga kifua kilo 50, shati la shule likaanza kubana mabegani, Njiti ikapotea yenyewe. Mwezi wa pili Kocha akaniingiza kwenye kikosi chake, tuko watano, mi ndo mdogo kuliko wote. Kikosi kinapiga tizi kila siku jioni, Jumamosi mara mbili asubuhi na jioni, Jumapili tunaenda Coco Beach kukimbia kwenye mchanga na pushapu. Kocha anasema chuma kina wivu, ukikiacha siku moja kinakuacha wiki nzima. Desemba tunataka kupiga picha ya kikosi tuiweke ukutani.

Sasa tatizo. Toka mwezi wa nne kilo 50 inanigomea, wiki iliyopita hata 45 niliishia katikati wakanisaidia kuirudisha. Bega la kushoto linauma, kuvaa shati tu lazima niinamie upande, na kulalia ule upande siwezi. Usingizi hauji, nakaa na simu mpya aliyoninunulia mama naangalia video za mabaunsa mpaka saa sita, na saa kumi na nusu alfajiri naamka kumsaidia mama, anauza viazi sokoni, kuna magunia ya kushusha kwenye gari, tunashika wawili wawili, afu ndo naenda shule. Mafua yamenishika mara mbili mwezi huu. Nimekua na hasira, juzi nilimjibu mama vibaya mpaka akanyamaza, na mi sio mtu wa hivo. Kingine nacheza winga timu ya shule, tunafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, nikitoka hapo naunganisha jimu. Walipochagua timu ya UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, mwalimu wa michezo akanitoa, akasema miguu yangu siku hizi ina mawe.

Mama anataka niache kabisa ikifika mwisho wa mwezi. Anasema vyuma vinadumaza, ntabaki mfupi, mwangalie huyo Kocha wako mwenyewe alivyo mfupi. Kocha anasema maumivu ni mwili unajengeka, nisisikilize maneno ya wanawake. Na kuna jamaa mmoja wa kikosi ameniita pembeni akasema shida yangu ni ndogo, kuna sindano, tatu ni 30,000, ndani ya mwezi kila kitu kinafunguka, yeye mwenyewe alipigwa. Nina akiba 22,000.

Anti mtu wa umri wangu anatakiwa apige chuma mara ngapi kwa wiki? Ni kweli ntadumaa? Nikimsikiliza mama nitarudi kua Njiti, nikimsikiliza Kocha mwili haukubali. Nikilala siku moja naona kama mwili unanikimbia, usiku najipima mkono kwa kamba ya kiatu, nimefunga fundo pale mkono ulipofika mwezi wa pili, sa hivi fundo halifiki. Yaani nimepungua na huku ndo nimeongeza mazoezi. Sielewi. Nisaidie.

Njiti wa zamani, Temeke

JIBU

Marahaba mwanangu. Ahsante kwa kutuma bila kufuta safari hii. Naomba nikurudishie kwanza ulichoniambia uone kama nimekuelewa. Ulipigwa kofi ukakaa nalo peke yako, ukaenda kutafuta mwili ambao hautapigwa kofi tena, ukaupata, na pamoja na mwili ukapata watu wazima wanaokuulizia usipofika. Sasa mwili uleule unakukatalia, na kila anayekupenda anavuta upande wake, mama anasema acha, Kocha anasema ongeza. We uko katikati na kamba ya kiatu mkononi saa sita za usiku. Kama nimekosea mahali unirekebishe.

Nimesoma barua yako mara mbili nikiwa na kalamu, nikaandika namba ulizonipa. Kwenye siku 3 kwa wiki ulitoka bomba tupu mpaka kilo 50 ndani ya miezi minne. Kwenye siku 7 umekaa miezi mingine minne, na umetoka 50 ukashuka mpaka 45 haipandi. Hizo namba sijaleta mimi, zimetoka kwako, na naomba uziangalie taratibu kabla hujaniuliza mimi au mtu mwingine yeyote mara ngapi. Kocha alikwambia chuma kina wivu. Je, ndivyo chuma kilivyokufanyia wewe? Ulipokua unakiacha Jumanne na Alhamisi kilikuacha?

Maana kinachotokea ndani ni hivi. Ukinyanyua uzito wa kukutosha, nyuzi za misuli zinachoka na nyingine zinachanika kidogokidogo, hilo ni la kawaida na halina ubaya. Ukishatoka jimu ndo mwili unaanza kazi ya kushona, unashona kwa chakula ulichokula na kwa usingizi uliolala, na ukishona unaongeza uzi kidogo ili next time, yaani mara nyingine, uzito ule usiusumbue. Msuli uliofanyishwa kazi ya kweli unahitaji kama saa 48 hivi kabla ya kurudiwa. Ukirudi kesho yake unachana palipoanza kushonwa, na keshokutwa tena, na mtondo tena. Hapo ndo fundo la kamba linapoacha kufika. We unaona mwili unakukimbia siku ukilala, na mi nahofia umekua ukiukimbiza siku ambazo ungeshona.

Afu kuna mazoezi mengine hujayahesabu. Umehesabu jimu. Mpira Jumanne na Alhamisi ni mazoezi. Mchanga wa Coco ni mazoezi, na ni magumu kwa miguu ya winga. Na magunia ya viazi ya alfajiri mwanangu, yale ni chuma kamili, tena chuma kisicho na mshikio, unashusha ukiwa hujapasha mwili na tumboni hamna kitu. Ukijumlisha vyote hakuna siku hata moja kwenye wiki yako ambayo mwili umeambiwa leo pumzika. Ndio maana nikisoma mafua mara mbili, hasira, usingizi haushiki, uzito unagoma, miguu ina mawe, sioni matatizo matano. Vikikaa pamoja wiki kadhaa hivyo ndo dalili za mtu aliyepitiliza mazoezi. Ile hasira kwa mama nayo inaweza kuwa imetoka humohumo, ingawa mama bado anastahili kuombwa radhi na nadhani unalijua hilo ndio maana umeliandika.

Usingizi wako nimeupigia hesabu. Saa sita usiku mpaka saa kumi na nusu ni saa nne na nusu. Kijana wa miaka 13 mpaka 18 anashauriwa kulala saa 8 mpaka 10. Na homoni ya ukuaji, ile inayokurefusha na kusaidia kushona misuli, inatoka kwa wingi ukiwa kwenye usingizi mzito. Gari la viazi huwezi kulibadilishia saa, najua, maisha ya mama yako yako pale. Ila zile video za mabaunsa zinaweza kusubiri. Ukilala saa tatu na nusu unapata saa saba. Haijafika nane ila ni mbali sana na ulipo, na Jumapili kama gari haliji unaweza kufidia kidogo.

Swali lako la mara ngapi. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020 linasema watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki, na hapo wamehesabu kuruka, kukimbia, kupanda, sio jimu peke yake. Madaktari wa watoto wa Marekani nao wanakubali kijana kunyanyua vyuma, siku 2 au 3 kwa wiki, siku zisifuatane, awepo mtu anayejua wa kumsimamia, na ajifunze kunyanyua vizuri kwa uzito mdogo kabla ya kuongeza. Uzito uwe ule unaoweza kuurudia kama mara 8 mpaka 15 bila kujikunja, ukishauzoea ndo unaongeza kidogo, kama asilimia 5 au 10, usiruke. Kupima nguvu za mwisho kabisa, ile ya kubeba mara moja ukiwa unatetemeka na watu wanashangilia, kwa umri wako ina hasara kubwa kuliko faida.

Sasa kudumaa. Hofu ya mama yako sio ya kijinga na naomba usimchukulie hivyo, hii habari ipo dunia nzima na wazazi wengi wanaiamini. Kwenye ncha za mifupa yako mirefu kuna tabaka la gegedu, yaani kama mfupa laini, na hapo ndo mfupa unapoongezekea urefu, na kwa wavulana wengi tabaka hilo linafunga kuanzia miaka 16 hadi 18 hivi. Likiumia vibaya, mfano umeangukiwa na uzito au umebeba kitu kilichokuzidi huku umepinda, ukuaji wa mfupa ule unaweza kuharibika. Ila watafiti wameangalia sana vijana wanaonyanyua kwa mpangilio na kusimamiwa na hawajaona kwamba vyuma vinafupisha mtu. Kocha ni mfupi pengine kwa sababu baba yake alikua mfupi. Kwahiyo mama yuko sahihi kuogopa kuumia, na kwenye urefu anaweza kupunguza hofu. Tena ukitafuta wakati mzuri mweleze kwa upole kwamba gunia la viazi linastahili hofu ileile, maana anayelishusha ni mtoto huyuhuyu na mgongo huuhuu. Labda mnaweza kushusha watatu watatu, au upashe mwili dakika tano kabla gari halijafika.

Kuna kitu kwenye barua yako kimenikaa kichwani na sijui kama kuna mtu alishakuuliza. Zile ndoo za zege, nani alizipima? Zege hukauka tofauti, ndoo moja ina kokoto nyingi nyingine ina mchanga, na bomba likikaa pembeni kidogo basi tena. Kama ndoo ya kushoto imezidi kilo mbili tatu, miezi minne kila siku bega la kushoto ndo limekua linalipa. Simaanishi ndo sababu, daktari ndo atasema. Ila kwa wanunuzi wa vyuma chakavu huwa kuna mizani, na mpo watano, bebeni siku moja mkapime. Hata hiyo 50 yako na 45 yako utajua ni kilo ngapi kweli.

Na bega lenyewe mwanangu lisingoje. Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya tizi, pande zote mbili, afu ikaachia, hiyo ni ile ya kawaida anayoisema Kocha. Maumivu ya kiungo, upande mmoja, yanayokuzuia kuvaa shati na kulala, hayo hayajengi kitu. Nenda hospitali ya wilaya bega likaangaliwe, kama wana mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, uombe umuone, na mpaka uonwe usilibebeshe uzito juu ya kichwa wala kifuani. Kingine cha kukimbilia hospitali hapohapo, maana mnapiga Jumamosi mara mbili kwenye jua: ukiona mkojo umekua mweusi kama chai ya rangi na misuli imevimba na kuuma kupita kiasi, usingoje kesho. Hiyo ni misuli inavunjika na figo zinaweza kuumia.

Nikiangalia njia ulizonazo, kila moja naiona ina gharama yake.

Unaweza kuacha kabisa kama mama anavyotaka. Bega litapona kwa amani, nyumba itatulia. Kurudi Njiti usiogope haraka hivyo, wiki mbili au tatu za kupumzika haziondoi misuli ya maana, na iliyowahi kujengwa huwa inarudi upesi kuliko ilivyojengwa mara ya kwanza. Ninachoogopa kwenye njia hii ni kingine, kwamba utaacha mbele ya mama afu utarudi kwa kujificha, na mtu anayejificha akiumia hasemi. Pia utapoteza wale watu wanaokuita jina lako, na kwa kijana ambaye baba hayupo hilo sio dogo.

Unaweza kuendelea na kikosi kama kilivyo. Utabaki na Kocha na picha ya Desemba. Ila namba zako zimeshaonyesha zinaelekea wapi.

Kuna kuomba wiki mbili za kupumzika, lionwe bega, afu urudi kwenye zile siku zako 3 za zamani, au 2 wakati wa mpira. Ukipanga Jumatatu na Ijumaa jimu, Jumanne na Alhamisi mpira, Jumatano, Jumamosi na Jumapili unabaki bila mazoezi kabisa. Siku ukienda unagusa mwili mzima, miguu, mgongo, kifua, saa moja inatosha. Hatari yake ni kikosi. Wenzio wakienda kila siku utajiona mvivu, na fundo la kamba litakuita usiku.

Na kuna ya katikati ambayo wakubwa wengi wanaifanya, leo kifua kesho miguu, ili waende siku nyingi bila kurudia msuli uleule. Inaweza kufika siku 4. Kwako naiona ngumu kidogo kwa sababu bega linafanya kazi ukipiga kifua, ukipiga mgongo, ukipiga mikono, haliepuki, na usingizi wako mdogo haugawanyiki kwa misuli.

Kuhusu Kocha, sitaki kumsema vibaya. Alikupokea ukiwa umevunjika moyo. Lakini yeye ana zaidi ya miaka 30, mwili wake ulishamaliza kukua zamani, hashushi viazi alfajiri, hana tuisheni wala mpira wa shule, na anapima kwa mwili wake. Je ulishamwambia vizuri kuhusu bega, faragha, sio katikati ya seti watu wakiangalia? Unaweza kumwambia Kocha bega limeniumiza wiki za kutosha, naomba siku zangu ziwe tatu, siku nyingine nitakuja kuwashikia wenzangu chuma kisiwaangukie na kuhesabu. Mtu wa kushika anahitajika kwenye kila jimu, hasa zenye mabenchi ya kuchomelea. Hapo hujapoteza mahali pako chini ya mwarobaini. Nakuomba tu ujipime, kama unajijua ukikaa karibu na chuma utakishika, basi siku hizo baki nyumbani. Na akikataa, akisema ni kila siku au hakuna kikosi, hilo nalo litakua limekwambia kitu kuhusu kikosi. Ile ya maneno ya wanawake mimi nimeiacha ipite, ila wewe unajua ni mwanamke gani aliyekulea.

Sindano hapa naongea bila kuzungukazunguka maana ni mwili wa mtoto. Kinachouzwa hivyo mara nyingi ni homoni za kiume za kutengenezwa. Kwa kijana ambaye bado anakua, homoni hizo zinaweza kufunga zile ncha za mifupa kabla ya wakati wake, kwahiyo kile mama anachokiogopa kwenye chuma kipo kwenye ile sindano ya 30,000. Zinaweza kupunguza korodani, kuotesha matiti, kuleta chunusi na hasira, kuumiza moyo na ini. Mtu wa kikosi anayekuchoma pembeni hajui kilichomo ndani ya kichupa, na sindano ikishirikiwa kuna virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Jamaa anasema yeye alipigwa na yuko sawa, yako mengi ya ndani ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyaona.

Ile 22,000 mimi ningekua wewe ningeipeleka jikoni. Hujaniambia unakula nini, ila mtu anayeamka saa kumi na nusu akafanya yote hayo anahitaji chakula kingi kuliko anavyodhani. Uji wa asubuhi wenye karanga, mayai, dagaa, maharage, maziwa mgando, ndizi kabla ya mpira. Mayai yachemshe, kama kuna aliyekwambia uyanywe mabichi, protini ya yai lililoiva mwili unaichukua vizuri zaidi na huchukui vijidudu. Na viazi mnavyo nyumbani, viazi ni nguvu za kushusha viazi.

Nimebakiza kofi. Mama bado anaamini simu iliibiwa kwenye daladala, na anaona mwanae amekua mkali, hafiki nyumbani mapema, anabeba zege. Angejua kwanini ulienda jimu wiki ile, unadhani angesema bado uache kabisa? Sijui. Huenda angeogopa zaidi, huenda angekaa kimya kama juzi, huenda angetaka kwenda kwa mjumbe maana sura ya yule kijana unaijua. Hilo ni lako kuamua na saa ya kusema ni yako. Nakuuliza tu kwa sababu umeniandikia mi mtu nisiyekujua, mara tatu unafuta, na yeye yupo chumba cha pili.

Bega kwanza wiki hii, kabla ya kumwambia Kocha chochote. Asubuhi kabla hujanyanyuka kitandani hesabu mapigo ya moyo dakika nzima, andika kwenye daftari, fanya hivyo kila siku, utaanza kujua kawaida yako na siku yakiwa juu utajua mwili haujashona. Ile kamba ya kiatu irudishe kwenye kiatu kwa mwezi mmoja tu. Na mkishapima zile ndoo niandikie, nataka kujua ya kushoto ilikua na kilo ngapi.

Anti